Shajara ya mradi: kukata nzima

Jumamosi usiku

Naandika ili nisipotee njiani, maana mimi kitu naanza kwa mbwembwe halafu kinaishia kwenye kona ya karakana, kabati la mama watoto lina mwaka wa pili halina milango na fundi wa nyumba hii ni mimi mwenyewe. Huu mradi ni mdogo kwahiyo sina kisingizio.

Binti yangu yuko darasa la nne. Juzi kaja na daftari la hisabati, swali linauliza ipi kubwa kati ya 1/4 na 1/8, yeye kachagua 1/8. Nikamuuliza kwanini, akaniangalia kwa huruma kabisa, "baba, si nane kubwa kuliko nne?" Sasa hapo unajibuje.

Kilichonishangaza ni kwamba huyu huyu kila jioni tunamtuma dukani, robo ya sukari, nusu ya unga, hajawahi kukosea hata siku moja na chenji anarudisha kamili. Nikamuuliza robo ni nini. Akasema ni ule mfuko mdogo. Na nusu? Mfuko wa kati. Robo tatu je? Akafikiri kidogo, mifuko midogo mitatu. Jibu sahihi kabisa! Ila nilipomuuliza robo ya nini, kimya. Yaani kwake robo ni jina la mfuko tu kama vile pipi ina jina lake, hajui kwamba kulikuwa na kilo nzima, gramu 1000, ikagawanywa sehemu nne zilizo sawa ndo ikatoka hiyo 250 anayokuja nayo mkononi. Nzima hajawahi kuiona, na mimi nahisi shida yote iko hapo, wanaletewa vipande vimeshakatwa.

Nina karakana Keko na vipisi vya plaiwudi vimejaa mpaka tunavikanyaga. Nitamtengenezea nzima aione.


Jumapili

Mpango uko hivi. Kanda za plaiwudi, kila moja upana sentimita 4 na urefu sentimita 60. Nimechagua 60 kwa sababu inakubali kukatwa bila ubishi: nusu ni 30, theluthi 20, robo 15, sudusi (moja ya sita) 10, thumuni (moja ya nane) saba na nusu. Ukanda mmoja unabaki mzima, mingine inakatwa, kila mmoja na rangi yake. Mtoto anapanga juu ya ule mzima anaona mwenyewe. Kazi ya masaa mawili.

Kazi ya masaa mawili ikala siku nzima, na mwenye makosa ni mimi. Nilimwachia kijana wangu wa karakana akate thumuni mimi nikaenda kununua rangi. Dogo kapima vizuri tu, kaweka alama saba, 7.5, 15, 22.5 mpaka mwisho, zote kwa mkupuo, halafu kapitisha msumeno kwenye kila alama. Narudi vipande vinane viko mezani vimepangwa vizuri, nikafurahi, nikavipeleka nyumbani bila kuvipima. Binti akavipanga juu ya ukanda mzima. Akavisogeza. Akavisogeza tena. "Baba mbona thumuni nane hazifiki?"

Kweli hazifiki. Pengo la sentimita mbili na kidogo mwishoni.

Fundi wa miaka yote hii nikaona aibu, maana kila seremala anajua msumeno unakula. Disi yangu inakula milimita 3 kila ikipita. Kupata vipande vinane unakata mara saba, mara saba kwa milimita tatu ni 21, hizo sentimita mbili ziko chini ya mashine zimekuwa unga. Kipande cha kwanza kina 7.5 kamili, vingine vyote vina 7.2. Ukivishika mkononi huoni tofauti, ukivipanga vyote ndo vinakusema.

Nikamweleza binti, akauliza swali ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani: kwahiyo kwenye daftari nani anakula? Nikasema kwenye daftari hakuna msumeno mama, mstari wa kalamu hauli kitu, ndo maana thumuni nane zinarudi kuwa nzima bila kupungua hata punje. Akaridhika. Mimi ndo sikuridhika, nikarudi karakana usiku.

Dawa yake ni ya kawaida tu, unafunga kizuizi kwenye meza ya msumeno kwa umbali wa 7.5 kutoka kwenye meno, unasukuma mbao mpaka igonge, unakata, unasukuma tena, unakata. Kila kipande kinapimwa upya kutoka pale msumeno ulipoishia. Ila lazima uanze na mbao ya 62.1 ili upate thumuni nane za kujaza 60. Hiyo namba nimeiandika ukutani kwa penseli.


Jumatano

Seti imekamilika. Nzima nyeupe, nusu nyekundu, theluthi ya njano, robo ya bluu, sudusi ya kijani, thumuni nyeusi (rangi nyeusi ndo ilikuwa imebaki nyingi, hakuna sababu nyingine). Nimepiga msasa kingo zote zisiwachome.

Nimemkabidhi jana jioni kwa sherehe. Kajenga ghorofa. Mdogo wake wa chekechea kajenga daraja, gari likapita chini. Nikakaa nikisubiri wagundue sehemu, wakagundua kwamba nusu ikisimamishwa inaweza kubeba robo mbili juu kama fremu ya mlango. Sio mbaya kwa ukoo wa maseremala ila sio nilichotaka.

Leo nikaingilia. Nikachukua hesabu moja toka daftarini, 1/2 + 1/3, yeye alijibu 2/5, juu kwa juu na chini kwa chini. Sikumwambia kakosea. Nikamwambia weka nusu na theluthi moja zifuatane, upime kwa tepu. Sentimita 50. Haya sasa 2/5 ya 60 ni ngapi, humusi sijakata ila tepu ipo, 60 ukigawa kwa 5 ni 12, mbili ni 24. Akaiangalia ile 24 kwenye tepu, akaangalia nusu nyekundu peke yake ni 30. "Jibu langu dogo kuliko nusu." Ee. "Na nusu iko humo ndani." Ee. Akacheka mwenyewe, akaanza kutafuta kipande cha rangi moja kitakachojaza ile 50. Robo zinagoma, ya nne inatokeza sentimita 10. Thumuni zinagoma nazo. Sudusi tano zikakaa pap. Mkwe wangu angesema kama kidole na pete.

Kumbe ndo maana mwalimu anawaambia watafute namba ya chini inayofanana, unatafuta kipande kimoja kinachoingia kwenye pande zote mbili bila kubaki. Mimi nilifundishwa kama amri tu, kigawe kidogo cha shirika, KDS, nikakariri nikafaulu nikaenda zangu. Nina miaka 41 ndo naiona leo kwa macho juu ya mkeka.


Ijumaa

Kesi ya chapati.

Mama yao kaacha chapati moja ya mwisho, watoto watatu, wawili wangu na wa jirani. Binti kapewa kisu maana siku hizi ye ndo bingwa wa sehemu hapa nyumbani. Kapima upana wa chapati kwa vidole, kapiga mistari miwili ya kusimama, vipande vitatu vya upana sawasawa. Kwa hesabu yake theluthi tatu hizo. Mdogo wake kabla kisu hakijainuka kashadaka cha katikati. Kwanini? Hajui kuhesabu zaidi ya ishirini ila tumbo lake linajua. Wa jirani kalalamika kapewa cha pembeni, kina mgongo wa duara upande mmoja. Binti anatetea: "nimepima, vidole vinne vinne vinne!"

Chapati iliishia kwa machozi na ye mwenyewe akala kidogo kuliko wote.

Mimi nikaipenda kesi hii sana, nikaibeba kichwani mpaka karakana. Anachojua yeye ni kwamba sawa maana yake upana sawa, au muonekano sawa, au idadi ya vipande, vitatu basi theluthi. Wala sio yeye peke yake, dogo wangu wa karakana nilimuuliza akanijibu hivo hivo.


Jumamosi

Nimekata duara la plaiwudi ya milimita 9, toka katikati mpaka ukingoni sentimita 10. Jirani yetu anaoka keki za harusi ana mzani wa kidijitali, nikamuomba, akasema mradi nisimjazie unga wa mbao. Binti nikamchukua, na wale wawili wa kesi wakafuata.

Duara zima: gramu 155. Nikalikata kama chapati ya jana, mistari miwili ya kusimama, upana sawa. Tukapima. Pembeni 44, pembeni 43, katikati 63. Wa jirani aliruka, "niliwaambia!" Kile cha katikati kinabeba kama asilimia 42 ya duara wakati theluthi ni 33 na ushee. Binti alijumlisha kwa vidole akapata 150, akauliza gramu tano ziko wapi, kabla sijafungua mdomo akajibu mwenyewe "msumeno." Hapo nilitaka kumnunulia soda.

Wakaniuliza je ikiwa lazima mistari isimame? Nimehangaika nalo duara la pili na la tatu, napunguza katikati kidogo kidogo narudi kwenye mzani, mama wa keki keshachoka na sisi, mwisho katikati imebaki na upana wa 5.3 tu ndo vikalingana. Yaani ukitaka haki kwa njia ile, wa katikati lazima aonekane kaonewa. Ila kwa chapati nani ana muda huo, unaanzia katikati unatoa mistari mitatu kama nembo ya Mercedes. Kwa bikari ni rahisi zaidi, ukiiacha na upana ule ule uliochorea duara ukaitembeza ukingoni inagonga mara sita kamili, ukiruka moja moja unapata tatu. Sudusi na theluthi kwa mkupuo mmoja.

Kabla hatujarudisha mzani nikawapa na mtego wangu. Kipande cha mstatili, 20 kwa 30, nimekata kona kwa kona mara mbili, vikatoka vipembetatu vinne, viwili vinene vifupi na viwili vyembamba virefu. Nikauliza ni robo hizi? Wote watatu: hapana! Havifanani hata! Kwenye mzani vikasoma karibu sawa, gramu moja huku gramu moja kule. Wakarudia kupima mara tatu wakidhani mzani umeganda. Binti akachukua mkasi na gazeti nyumbani, akakata kipembe kirefu katikati, akageuza nusu moja, akaijaribisha juu ya kile kinene mpaka ikakaa. Hilo sikumfundisha.


Jumanne

Umeme hamna tangu asubuhi, karakana imelala, tumehamia kwenye karatasi. Na karatasi ina raha yake, kukunja hakuli kitu. Nusu, kunja tena robo, tena thumuni, tena moja ya kumi na sita, hapo karatasi ya daftari inaanza kuwa ngumu kama biskuti. Kila mkunjo vipande vinaongezeka na kila kipande kinapungua, mdogo wake anapiga kelele "tena! tena!" Ndo binti akasema lile nililokuwa nalisubiri toka wiki ya kwanza, tena kalisema kama anaongea na karatasi, namba ya chini ni watu wanaogombea, wakiwa nane kila mtu anapata kidogo. Sikusema kitu, niliogopa kuharibu.

Kukunja tatu kunawashinda. Ukikunja kwanza umekosea, inabidi uiviringishe legelege kama herufi S halafu usogeze mpaka pande zilingane ndo ubonyeze.

Saba nimewapa siri ya fundi. Karatasi ina upana wa sentimita 21 hiyo rahisi, saba mara tatu, lakini mbao ina 19, utafanyaje? Unalaza rula kwa mshazari, sifuri iguse ukingo mmoja na 21 iguse ukingo wa pili, unaweka alama kila baada ya tatu. Ukishusha mistari kutoka kwenye zile alama, iende sambamba na kingo, upande umegawanyika saba sawasawa na hujapiga hesabu hata moja. Hii nilifundishwa na mzee aliyenipa ufundi na yeye darasani aliishia la tatu.


Jumapili nyingine

Mama mkwe kaja toka Pangani. Binti baada ya shikamoo tu akamwagia mbao zote miguuni. "Haya mke mwenzangu, nini hiki?" Akaelezwa. Hii nusu bibi, hii theluthi, hii robo, hii sudusi, hii nyeusi thumuni.

Bibi akazishika moja moja akasema hizi mimi nazijua toka chuo cha Kurani, nilisomeshwa kabla sijajua kuandika jina langu. Kwenye mirathi ya Kiislamu zimetajwa sita tu, nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Halafu akatuonyesha kitu ambacho mimi Mswahili nimezungumza maisha yangu yote sijakiona: majina yenyewe yamebeba namba. Theluthi na thelathini. Robo na arobaini, iseme polepole, a-robo-aini. Humusi na hamsini. Thumuni na themanini. Ukisahau humusi ni ngapi, hesabu makumi utaikuta imekaa kwenye hamsini, kwahiyo tano. Binti alikuwa anapiga makofi. Alikuja na subui na tusui mwenyewe kwa sabini na tisini, bibi akamwambia hizo kweli zipo. Shuleni wanasoma "moja ya nane", sawa haina ubaya, ila thumuni ina harufu ya nyumbani.

Halafu akatoa hadithi ya minazi. Babu yake alipofariki aliacha shamba, minazi 48, wake wawili na watoto. Mke akifiwa na mume mwenye watoto fungu lake ni thumuni, mume asipokuwa na mtoto ni robo, na wakiwa wake wawili hawapewi thumuni mbili, wanagawana ile ile moja. Deni zikalipwa kwanza. "Haya nipigieni, bibi yangu alipata minazi mingapi?"

Binti kachukua thumuni nyeusi, akasema hii ni minazi, 48 gawa kwa nane, sita. Halafu akakwama. Akaigeuza geuza. Nusu ya thumuni, kipande hicho sikukata. Akaingia ndani akarudi na ile karatasi ya Jumanne iliyokunjwa mpaka mwisho, akaifungua akahesabu vyumba, kumi na sita. Minazi mitatu!

"Mitatu," bibi akasema, "na mmoja ulikuwa hauzai." Akaendelea kunywa chai. Nimelala nikiwaza huo mnazi, maana mzani wa keki ungesema mitatu ni mitatu, na nina uhakika yule bibi yake bibi hakuona hivo.


Alhamisi

Fupi leo, nimechoka, kuna kitanda cha mteja.

Chapati tatu, watoto wanne (wa jirani wameongezeka, habari zimeenea). Binti kasema kila moja ikatwe nne, kila mtu achukue robo tatu. Sawa kabisa. Ila mtoto mmoja mgeni, mkimya, kasema kwanini kukata kote huko, mbili zikatwe nusu, ya tatu ikatwe robo, kila mtu anapata nusu na robo. Wakabishana kama wabunge. Wakapanga zote mbili juu ya sahani mbili, robo tatu upande huu na nusu na robo upande huu, wakaziangalia muda mrefu mpaka zikapoa.

Nilikumbuka kitu nilichowahi kusoma, Misri ya kale walikuwa wanagawa mikate kwa njia ya yule mkimya. Kuna mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi anaitwa Ahmes zaidi ya miaka 3500 iliyopita, yako kwenye British Museum kule London, na humo kuna hesabu za kugawa mikate kwa watu kumi. Mikate sita kwa watu kumi hawaandiki sehemu sita za kumi, wanaandika nusu na ushuri, yaani moja ya kumi. Mitano inakatwa nusu nusu zinatoka kumi, wa sita unakatwa kumi. Kila mtu anaondoka na kipande kikubwa na kipande kidogo, vyote vinafanana na vya mwenzie, hakuna wa kusema kaonewa. Nikawapa hiyo ya mikate sita wakaifanya kwa dakika chache, mkimya ndo kaongoza.

Sheria ya nyumba imepitishwa pia: anayekata anachagua mwisho. Toka jana kisu kinatembea polepole kweli kweli.


Jumamosi, karakana

Mwalimu wa twisheni wa mtaa wa pili kaona zile kanda, anataka seti nne. Plaiwudi nzima ya futi nne kwa nane ina urefu wa sentimita 244. Nikafikiri nikate kanda za 62 na ushee kama ile namba yangu ya ukutani, nikaona zinaingia tatu tu, kipande kirefu karibu robo ya plaiwudi kinabaki pembeni. Hasara hiyo.

Binti alikuwa kakaa juu ya rundo la chaga anakula muhogo. Akasema, "kwanini uanze kukata sitini? Si ukate thumuni moja kwa moja kwenye ndefu?" Nikamwangalia dogo, dogo akaangalia pembeni.

Tukafanya hivo, kizuizi kwenye meza, kila rangi na ukanda wake wa 244. Nzima nne zimetoka. Nusu nane zimetoka. Theluthi kumi na mbili zimetoka, kimebaki kipande chembamba kama njiti. Robo tulitaka kumi na sita, ya kumi na sita imekosa milimita tano tu, msumeno umeila, zikawa kumi na tano. Sudusi ishirini na tatu badala ya ishirini na nne. Thumuni tulitaka thelathini na mbili, zimetoka thelathini na moja. Nikamuuliza hizi thelathini na moja ni nzima ngapi, hakupanga hata moja chini, "tatu na thumuni saba."

Tunakosa robo moja, sudusi moja, thumuni moja. Dogo akataka kuchukua plaiwudi mpya kabisa. Binti kashuka kwenye chaga, kaokota kile kipisi kilichobaki kwenye ukanda wa robo, 14 na nusu, akakiweka juu ya sudusi. Kinatosha, kinabaki. Nikakata. Akaangalia kipisi cha sudusi, 7.1, akakiweka juu ya thumuni nyeusi, akakitupa kwenye ndoo.

"Imebaki robo na thumuni," nikasema, "tafuta kipisi."

"Thumuni tatu," akasema, na tayari alikuwa ameinama chini ya meza anachagua.